Viatu Vilivyochungulia Uvunguni

Jamani, hii hutaamini, lakini ilitokea kweli ndani ya treni ya usiku ya Hanoi kwenda Huế.

Diễm na Khôi walikutana stesheni, foleni ya tiketi. Jamaa alimkanyaga kidole, halafu akamsifia ndala! Miezi mitatu tu, mapenzi moto. Sasa wanaenda Huế, Khôi akajitambulishe kwa mama yake Diễm. Ila Bwana Mkubwa Khôi, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akasema amepata kitanda behewa la kifahari, lile la mkiani, na kilibaki kimoja tu. Diễm akapanda chumba cha vitanda sita, kitanda cha juu kabisa, pua inagusa dari.

Simu ikaita.

"Mpenzi, huko mnapumua?"

"Khôi, acha dharau. Mzee wa chini kavua soksi tu."

"Pole! Mimi huku shuka nyeupe, mvinyo, maua mezani. Nyie wa vitanda vya ghorofa mnanuka samaki, msiniambukize!"

Diễm akacheka. Lakini ile "mnanuka" ikamchoma kama mwiba.

Kulipokucha, tanki la maji ya moto la behewa lake lilikuwa kavu. Akabeba kikombe chake cha tambi, akavuka hadi behewa la viti vya mbao. Watu wamelala kama kawaida yao, mikeka uvunguni mwa mabenchi, miguu njiani. Akaruka mguu, akaruka mguu, akakuta viatu vya ngozi vinang'aa. Anavijua. Yeye ndiye alivichagua dukani!

Akapiga simu.

Simu ikalia uvunguni.

"Eee mpenzi," sauti ikatoka kwenye simu na chini ya benchi kwa pamoja, "ndo naletewa kahawa kitandani."

"Sukari umeweka?"

"Vijiko viwili..."

"Basi toka uvunguni unywe."

Khôi akatambaa nje, maganda ya karanga kwenye nywele za jeli, kakumbatia sanduku la zawadi za mama mkwe.

"Diễm, niliona aibu. Nakupenda. Nataka kukuoa."

"Kulala hapo si aibu, baba yangu kalala hapo miaka yote. Ila wewe, huko huko uvunguni, ukapata nguvu za kuniambia mimi nanuka!"

Simu ya Diễm ikalia. Mama.

"Mwanangu, niko stesheni nawasubiri. Mkwe wangu yuko behewa gani?"

Diễm akamtazama Khôi, kuanzia karanga mpaka viatu.

"Mama, hakupanda."

Treni ikaanza kupunguza mwendo, Khôi bado kakumbatia sanduku lake. Haya, ingekuwa wewe, mama ungemjibuje?