Vijiko Vinne vya Sabuni

Nyumbani kwao kila siku ilikuwa siku ya kufua. Mama alikuwa dobi, na kamba zake hazikukosa mashuka ya watu. Aliamini jambo moja: sabuni ikizidi, nguo hutakata zaidi. "Povu ndilo dobi, mimi msaidizi tu," alizoea kusema.

Binti yake aliamua kulipima neno hilo kwa jaribio la sayansi la shuleni. Alipaka tope vitambaa vitatu vyeupe, akaviloweka kwenye ndoo tatu. Ya kwanza ilikuwa na kijiko kimoja cha sabuni, ya pili viwili, ya tatu vinne. Kisha akatumwa dukani.

Aliporudi, vitambaa vyote vilikuwa kwenye kamba, vyeupe pe.

"Mama, nani kavifua?"

"Mimi. Uchafu unaelea nyumbani kwa dobi, wateja watanionaje?"

Kwa kweli, dobi na uchafu hawapikiki chungu kimoja. Lakini binti alikaribia kulia. Ripoti ilitakiwa kesho yake, na asiyekuwa nayo asingeingia kwenye maonyesho ya shule.

"Basi nitaandika vijiko vinne vimeshinda," alisema. "Si ndivyo ilivyo?"

Jirani yao alikuwa amekuja kuchukua koti lake la kazi. Kazi yake ilikuwa kupima damu kwenye maabara ya hospitali, na mtaa mzima ulimwita Mama Hadubini.

"Umeona vikishinda?" akauliza.

"Sijaona, ila najua."

"Hilo ni kisio, mwanangu. Mimi nikiandika majibu ya damu kwa kukisia, nitamponza mtu. Rudia jaribio. Badilisha sabuni tu. Kitambaa, tope, maji na muda wa kuloweka viwe sawa. Na mama yako akae mbali na ndoo."

Mama alicheka, akaificha mikono mgongoni.

Binti akarudia. Kitambaa cha kijiko kimoja kilibaki na madoa. Cha viwili na cha vinne vilitakata sawasawa, ila cha vinne kilisumbua kusuuza. Kila akimwaga maji, povu lilibaki palepale.

Akaandika swali, kisio, vifaa, hatua na aliyoyaona. Alipofika kwenye hitimisho, kalamu ikasimama. Kisio lilikuwa neno la mama, na alimwonea huruma.

"Andika kisio halikuthibitika," Mama Hadubini, aliyerudi kuona matokeo, alisema taratibu. "Andika pia jaribio la kwanza liliharibika, na sababu yake. Msomaji anataka kujua yaliyotokea."

Mama alimsogezea binti karatasi. Jambo hilo lilimuuma, halifichiki.

"Andika, mwanangu," alisema mwishowe. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Tangu siku hiyo Mama alipima sabuni kwa kijiko. Maji ya kusuuza yakapungua, na kazi ikaisha mapema.

Siku ya maonyesho, mgeni mmoja alisoma ripoti, akauliza, "Kisio hili lisilothibitika lilikuwa la nani?"

Binti aliinamisha kichwa. Mama akasogea mbele ya watu wote.

"Langu," alisema. "Nimeliamini miaka yote. Mtoto wangu ndiye aliyelipima."