Bosko Kwenye Jua la Usangu

"Gwakisa! Umemfungia Bosko juani?"

Devota aliangusha mfuko wa mchele akakimbilia gari. Vioo vyote vilikuwa juu. Ndani ya kizimba kilichofungwa vizuri na mkanda wa kiti cha nyuma, mbwa mzee alikuwa akihema mbiombio, ulimi nje, mate yakimtiririka.

Gwakisa akatoka hotelini mbio, vidole vina mafuta.

"Nilienda kula kidogo tu, mpenzi. Dakika kumi..."

"Ulisema unakaa naye! Fungua!"

Ilikuwa saa sita mchana, njia panda ya Rujewa, bonde la Usangu. Walitoka Mbeya asubuhi kwenda Iringa, Gwakisa akajitambulishe kwa mama yake Devota. Bosko alikuwa mbwa wa marehemu baba, na mama aliomba aletewe nyumbani.

Mfugaji mmoja, mzee Nkuba, akawahi na dumu la maji.

"Mlazeni kivulini. Mloweshe tumbo na miguu, binti. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Wewe kijana, mpepee!"

Gwakisa akavua shati, akampepea.

Daktari wa mifugo pale Rujewa alimtibu Bosko kwa saa mbili nzima.

"Mmemuwahi," alisema. "Gari juani linageuka tanuri, hata ukiacha kioo wazi kidogo. Asibaki peke yake tena."

Safari ikaendelea. Devota alikaa nyuma na Bosko. Mafinga, Gwakisa akasimamisha gari.

"Anywe maji, anyooshe miguu."

"Haya."

"Devota, nitukane basi."

"Sikutukani. Najiuliza tu. Siku moja nitakuachia mtoto, Gwaki. Utaniambia dakika kumi?"

Gwakisa akamwekea Bosko maji. Simu ya Devota ikatoa mlio wa meseji. Mama: "Mmefika wapi? Bosko hajambo?"

"Tafadhali, mama asijue," Gwakisa akasema. "Ndiyo mara yangu ya kwanza mbele yake."

Devota akaandika: "Tunakuja, mama."

Iringa walifika jua likizama. Mama yake Devota, Benedicta, alipiga magoti, akamkumbatia mbwa.

"Mbona kanyong'onyea hivi? Safari imemchosha?"

Devota akainamisha kichwa.

"Si safari, mama," Gwakisa akasema. "Ni mimi. Nilimfungia garini juani nikaenda kula. Nusura afe. Nikamwomba Devota akufiche. Lakini siwezi kuingia kwako na uongo."

Mama akainuka.

"Marehemu angekufukuza."

"Ningeondoka, mama."

"Mimi sikufukuzi. Ila chakula cha Bosko leo utampa wewe."

Devota alimkuta Gwakisa uani, amechuchumaa na sahani, akimsubiri Bosko ale taratibu. Akachuchumaa kando yake.

"Mama kauliza harusi lini."

Gwakisa hakuinua macho.

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia Desemba."