Mama Luciana

Mchana huo Evodia alikuwa Mtinko, jikoni kwa mdogo wake Luciana, wakichambua mlenda na kumsengenya mke wa mchungaji kwa wigi lake jipya. Siku ya kawaida kabisa.

Kisha pakanukia kibuyu.

Ni ile harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa kijinga cha moto: moshi, siagi, uchachu kidogo. Ikamrudisha Evodia utotoni, amechuchumaa kando ya mama anayetikisa kibuyu magotini. Siagi ikijitenga, Luciana alilambishwa. Evodia alipewa kibuyu akakioshe. Yeye ndiye kifungua mimba, lakini kijiji kizima kilimwita mama yao Mama Luciana, na mama aliitika bila kumsahihisha mtu.

Akamuuliza mdogo wake tangu lini anafukiza vibuyu. Luciana akasema maziwa yake ni ya pakiti. Vibuyu vya mama vilishavunjika vyote, na mwenyewe walishamzika. Halafu akashusha sauti.

"Ni yeye, dada. Hupita mchana, ananiita. Akiita, usiitike."

Mwingine angetafuta viatu vyake. Evodia aliona wivu. Ana digrii, ana nyumba ya bati la rangi Singida mjini, na mama hajawahi kupita huko hata kwa kupotea njia. Kumbe hata wafu wana vipenzi.

Luciana akachukua ndoo, akaenda bombani.

Harufu ikazidi. Kuku uani wakanyamaza. Nyuma ya mlango kitu kikaanza kutikisika. Chwa. Chwa. Maziwa ndani ya kibuyu.

"Luciana."

Evodia hakuwahi kuitwa kwa upole kama ule. Mwiko aliujua, huko kwao mtoto hufundishwa mapema kwamba usiyemwona akikuita, nyamaza, maana anayeitika humfuata. Akawaza, mara moja tu. Nami nionje.

"Abee, mama."

Mtikiso ukakoma.

"Kaa chini, mwanangu."

Akakaa. Vidole vikamgusa kisogoni. Vya baridi. Vyenye mafuta. Akafumba macho, akaviacha vifanye vilivyotaka.

Luciana aliporudi alimkuta dada yake sakafuni, anatabasamu, mashavu yamelowa. Jikoni hapakuwa na harufu yoyote.

"Dada Evodia."

Evodia akaendelea kutabasamu.

"Evodia."

Hakugeuka. Luciana akasogea, akamwona kichwa. Nywele alizokuja nazo zimeachiwa, zikinukia saluni, zilikuwa zimesukwa mistari minene kuelekea kisogoni. Ni ule msuko wa haraka, wa wanawake wanaowahi msibani. Ndiyo maana wanauita twende kilioni.

Akaugusa mstari mmoja. Mafuta yalikuwa bado mabichi.

"Dada," akanong'ona, "tunaenda kumlilia nani?"