MUME WANGU PROFESA NA MOSHI WA BULUU

"Kuanzia leo mikate atabeba shemeji yako."

Hivyo ndivyo meneja wa kiwanda cha mikate alivyoniambia, asubuhi mapema, kreti zangu nimeshazifunga kwenye pikipiki.

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Kisha nikamwona mume wangu... amesimama nyuma ya meneja, kakunja mikono, anatazama viatu vyake.

Yeye ndiye aliyemleta mdogo wake aje kuchukua kazi yangu!

Jamani, miaka minne! Mvua, jua, mafua, mimba, nimesambaza ile mikate. Wenye maduka wote wananiita Mama Mikate. Leo napokonywa na mtu niliyempikia chai saa moja iliyopita!

"Meneja, kosa langu nini?"

"Moshi, dada. Wenye maduka wanalalamika. Mikate inanuka kama gereji."

Nikamgeukia mume wangu.

"Na wewe umeona sawa?"

"Nimekwambia mara ngapi? Injini imekwisha. Umeiua mwenyewe. Nyie wanawake mnavuta mafuta kama mnakamua ng'ombe!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Shemeji akaanza kufungua kreti zangu moja moja. Hata salamu hakunipa.

Sasa ngoja niwaeleze huyu mume wangu ni nani.

Ni fundi pikipiki. Watu wanamwita Profesa. Ana kalamu nyuma ya sikio, na tangu anioe sijawahi kumwona akiandika hata orodha ya sokoni. Ila ana sauti! Akisema "injini" unadhani ni redio inasoma taarifa ya habari.

Miezi minne nyuma pikipiki yangu ilikuwa inagonga-gonga kidogo juu ya injini. Akaifungua, akaifunga, kugonga kukaisha. Nikamsifia.

Baada ya hapo ndipo ikaanza kunywa oil kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Naongeza Jumatatu, Ijumaa imekauka. Na moshi nao...

Nikimuuliza, anavuta mafuta mara mbili, anaangalia mbingu, anatoa hukumu:

"Ringi zimekufa. Pistoni imekufa. Silinda imekufa. Uza chuma chakavu."

Hata plagi hakufungua! Nami nikamwamini. Mjinga nilikuwa mimi.

Asubuhi ile sikurudi nyumbani. Nilienda kwa Mama Mashine.

Mama Mashine ana mashine ya kusaga nafaka, na injini yake anaifungua mwenyewe tangu mumewe afariki. Nilimkuta mweupe wa unga mpaka kope.

"Shikamoo mama. Pikipiki yangu inatoa moshi."

"Marahaba. Moshi gani?"

"Moshi tu, mama."

"Moshi tu! Ukienda hospitali unasema unaumwa ugonjwa tu?"

Akaanza kunihesabia kwa vidole.

"Mweusi, petroli imezidi. Mweupe wa asubuhi unaopotea, ni mvuke. Wa buluu, oil inaungua. Wako?"

"Wa buluu."

"Haya. Unatoka ukipanda mlima au ukishuka?"

Wapendwa, swali lile hakuna aliyewahi kuniuliza! Nikafumba macho, nikaipita njia yangu yote kichwani.

"Asubuhi nikiwasha, unatoka kidogo. Halafu nikishuka mteremko nimeachia mafuta... nikifika chini nikavuta tena, linatoka wingu zima."

"Na ukipanda na mzigo?"

"Hapana. Safi kabisa."

Mama Mashine akaguna. Guno lile lingemtoa mtu kazini.

"Na huyo Profesa wako akasema ringi?"

"Ndiyo."

"Ringi mbovu, zile pete zinazozunguka pistoni, zinatoa moshi injini ikikazana, na mzigo, mlimani. Yako inatoa ukishaachia mafuta. Oil inashuka kutoka juu, kwenye valvu. Lakini mimi sibishani kwa mdomo. Lete spana."

Kwanza akapima oil, asije akakuta imejazwa kupita kiasi. Iko sawa. Akafungua plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaniambia nipige kiki.

Puuf! Kidole kikarushwa.

Akamimina kijiko cha oil tunduni. "Piga tena."

Puuf! Vile vile.

"Ringi zingekuwa zimelika, hii oil ingeziba mianya na nguvu ingeongezeka. Haijaongezeka. Ringi zako ni nzima kuliko ndoa yako."

Tukafungua kichwa cha injini. Akatoa springi za valvu. Akachungulia. Akachungulia tena. Akaninyooshea tochi.

"Hapa, kwenye shingo ya kila valvu, hukaa kikofia kidogo cha raba. Kinazuia oil isishuke kuungua. Unakiona?"

"Sikioni."

"Hata mimi. Vingekuwa vimechakaa ningekuonyesha. Havipo! Nani aliifungua injini hii mara ya mwisho?"



Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeifungua.

Mchana ule ule tukaingia kwenye gereji ya mume wangu, mimi na Mama Mashine. Waendesha pikipiki kama sita walikuwa kwenye benchi, wanasubiri matengenezo.

"Karibuni! Mmeleta chuma chakavu?" akatania. Benchi zima likacheka.

"Ulitoa vikofia vya raba kwenye valvu zangu. Kweli au si kweli?" nikamuuliza.

Kicheko kikakatika.

Profesa akamtazama Mama Mashine. Akanitazama mimi. Akatazama wateja wake. Kisha akapanua kifua.

"Ndiyo! Nilivitoa makusudi! Nimechoka kuitwa mume wa Mama Mikate! Nilitaka ujue nani kichwa cha nyumba!"

Mungu wangu... Mtu ninayelala naye kitanda kimoja ndiye aliyeniharibia kazi?

Na kinachouma zaidi, wawili watatu pale kwenye benchi wakatikisa vichwa kukubali. "Mwanaume kaongea," mmoja akasema.

Ndipo jamaa mmoja mrefu akasimama taratibu.

"Profesa, samahani. Mbona yangu nayo inatoa moshi wa buluu? Na ulinifungulia wewe."

"Hata yangu!" akadakia mwingine.

"Yangu ulisema ringi, nikabadilisha ringi, na moshi upo!"

Yule mrefu akasogea.

"Mkeo tumeelewa, ulikuwa unamfunza adabu. Sisi je? Au na sisi umetuoa?"

Hakuna aliyecheka.

Mama Mashine akauliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko kofi:

"Mwanangu, vile vikofia unajua kazi yake?"

Jasho likaanza kumtoka Profesa. Ile sauti ya redio ikaishiwa betri.

"Vilikuwa vinasumbua kurudisha..."

"Sijakuuliza hilo."

"Nilidhani ni vya kuzuia vumbi... wakati wa kusafirishwa. Huwa navitoa tu. Kwa wote."

Kwa wote!

Mnaelewa, wapendwa? Hakunihujumu. Hakujua! Na alipobanwa, akaona afadhali mji mzima umwite mume katili kuliko fundi asiyejua kazi. Alikuwa tayari kuvunja ndoa yetu kwa uongo, ili mradi jina la Profesa libaki!

Wale waliotikisa vichwa ndio waliotangulia kusukuma pikipiki zao nje.

Vikofia vipya tulifunga jioni hiyo hiyo. Kesho yake niliwasha, nikashuka ule mteremko, nikavuta mafuta chini. Nyuma yangu hewa safi kabisa, moshi hakuna!

Siku ya tatu meneja akapiga simu.

"Dada, rudi. Pikipiki ya shemeji yako inatoa moshi kuliko yako."

Sikuuliza ni nani aliyeifungua.

"Nitarudi. Ila utatamka mbele ya wapakiaji wako kwamba kosa halikuwa langu."

Akatamka. Kwa shida, lakini akatamka.

Mume wangu je? Alinisubiri mlangoni, kalamu ameitoa nyuma ya sikio.

"Mke wangu, nisamehe."

"Kutojua nimekusamehe. Kutojua kunatibika, Mama Mashine anakusubiri Jumatatu, uende na daftari. Lakini kazi yangu uliitoa ukiwa na akili zako timamu, ukampa mdogo wako. Hilo sijalisamehe. Nikilisamehe nitakwambia."

Mpaka leo ninapoandika hapa, sijamwambia.

Ndugu zangu, nimejifunza nikiwa nimechelewa. Miaka tisa nilimwamini mtu kwa sababu ya sauti yake, wakati hajawahi kuniuliza chochote. Fundi, daktari, mume, bosi, yeyote yule: anayejua kazi huuliza kwanza. Anayekuhukumu bila kuuliza anakuficha alichokosa kichwani.