Alama Saba za Mwalimu Mgeni

Nyumba ya akina Kitinda haikuwa na siri. Kila asubuhi watu tisa walipanga foleni nje ya bafu moja, ndoo mkononi, wakipashana habari za mtaa mzima hadi zamu zao zifike. Wa tisa alikuwa Mwalimu Mgeni, aliyetoka ng'ambo kufundisha Kiingereza shuleni kwao na kupanga chumba cha mbele. Alisimama kwenye foleni kama wengine, taulo begani, akiuliza jina la hiki na kile.

Wanafunzi walimpenda kupita kiasi. Siku nne za wiki aliwafundisha kwa nyimbo na vichekesho, lakini Ijumaa kibao kiligeuka. Alisimama mbele ya darasa, akasimulia wiki yake kwa lugha yao, nao wakamsahihisha. Mwenye kalamu nyekundu alikuwa Kitinda, binti wa miaka kumi na miwili, kitinda mimba wa nyumba ile. Kila Ijumaa alimpa ishirini kwa ishirini. Mgeni wa nyumbani kwenu utamkataje alama?

Sasa kulikuwa na jambo zito. Mwalimu Mgeni alitaka saa moja ya ziada kila alasiri, asome vitabu na watoto. Mwalimu mkuu alisema wazazi wataamua kwenye mkutano wa Jumamosi, wakikataa, basi. Alimtafutia mkalimani, lakini Mwalimu Mgeni akasema kama ni yeye anayewaomba wazazi watoto wao, ataomba kwa mdomo wake. Kitinda aliitaka saa ile kuliko mtu yeyote. Kwao, ukifungua kitabu tu, unatumwa.

Alhamisi jioni mwalimu alifanya mazoezi ya hotuba yake sebuleni mbele ya nyumba nzima. Alisoma kurasa mbili mbio mbio, kama mtu anayefukuzwa. Mama akapiga makofi, mjomba fundi cherehani naye akapiga, Shangazi akawashinda wote. Kitinda alijaa furaha hadi alipopeleka vikombe jikoni.

"Hivi wewe umeelewa nini?" Shangazi alikuwa akimuuliza mama.

"Nimesikia 'watoto'. Kwingine nilikuwa natabasamu tu."

Wakacheka mpaka wakashikilia meza. Kitinda hakucheka. Yeye alielewa kwa sababu alimzoea. Wazazi wengine wangetabasamu, wangepiga makofi, kisha wangesema hapana.

Akaenda moja kwa moja chumba cha mbele, akasimama mlangoni akichezea kandambili kwa kidole cha mguu.

"Mwalimu, hawakukuelewa. Hata zile ishirini zangu si za kweli. Nilikuwa naona aibu kukukata."

Masikio ya mwalimu yakaiva kwa aibu. Kisha akampa daftari na kalamu. "Nisahihishe upya. Usinihurumie."

Akapata saba.

Ijumaa aliiandika ile saba ubaoni mwenyewe, kubwa, akaomba msaada. Darasa likafyeka kurasa mbili zikawa nusu ukurasa. Jioni alimkalisha Shangazi kitini, akamwomba ainue mkono kila asipoelewa. Shangazi, mtu asiyepitwa na nafasi ya kumkatiza mwenzake, aliinua mkono mara thelathini na moja. Kila mara mwalimu alirudia sentensi tangu mwanzo, bila kununa.

Jumamosi alizungumza polepole, akiwatazama watu badala ya karatasi. Muuza nyama akauliza nani atamsaidia dukani saa hiyo.

"Saa kumi na moja kamili mtoto atakuwa kwako," mwalimu akajibu. "Akichelewa, nitakuja kukata nyama mimi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na safari hii walicheka kwa kuwa wameelewa. Mikono ikainuka mingi hivi kwamba mwalimu mkuu hakujisumbua kuihesabu.

Wakirudi nyumbani, Kitinda alimwomba msamaha kwa zile alama za uongo.

"Najua ulinipa kwa sababu unanipenda," mwalimu akasema, sasa bila haraka yoyote. "Lakini ukimpenda mtu, mwambie ukweli akiwa bado na muda wa kujirekebisha. Uliponipa ishirini, nilikuwa mgeni wako. Uliponipa saba, nikawa mtu wa nyumbani."

Shangazi, aliyekuwa nyuma yao akisikiliza kila kitu, hakuinua mkono.