Balbu Aliyoing'oa Mzee Otto

Ndugu zangu wa Songea, hili halikutokea mbali. Jumapili baada ya misa, nyumba ya Mzee Otto pale Bombambili ilijaa kicheko. Binti yake Lidwina, mwenye mimba ya kwanza, alitaka kumsalimu bibi yake kijijini Hanga. Otto akatoa pikapu yake kuukuu ya petroli.

Njiani taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashibodi.

"Baba Lidwina, taa hiyo," mkewe Skolastika alisema. "Fundi Swalehe si alikwambia mkanda wa injini umechoka?"

"Taa ina kiherehere kama wewe!"

Otto alijua fundi alisema kweli. Lakini kuambiwa na mke, mbele ya binti! Akasimama, akachukua bisibisi, akaing'oa balbu. "Haya, imepona." Moyo ulimwambia amekosea, naye akaukemea.

Jamani, kiburi hiki!

Alasiri, huko Hanga, Lidwina akaanza kutoka damu. Nesi akasema apelekwe hospitali ya mjini upesi. Stata ilivuta kwa taabu, gari likawaka. Mvua ikawakuta porini. Otto akawasha taa na waipa. Waipa zikaanza kujikokota. Taa zikafifia, injini ikakohoa, ikazima. Akazungusha ufunguo mara kumi, bila mlio.

"Baba, mbona tumesimama?" Lidwina aliuliza kwa sauti ndogo.

Walikaa pale saa mbili, Skolastika akisali rozari huku kanga zikilowa damu, mpaka lori likawachukua. Lidwina alipona. Mtoto hakupona.

Swalehe alipolifungua gari alitikisa kichwa. "Pole, Mzee wangu. Gari za siku hizi, taa hii inawashwa na kompyuta. Kwenye hili lako la zamani, umeme wa kuiamsha altaneta, ile mashine inayochaji betri, unapita kwenye balbu hiyohiyo. Hata kwa mkanda uliochoka, ilikuwa inachaji kidogo kidogo. Ulipoing'oa balbu, betri haikupata kitu tena."

Otto akaketi chini kwenye oili, mzee mzima, akalia.

Funzo

Sikio la kufa halisikii dawa. Anayekuonya, awe mke, fundi au taa ndogo ya gari, usimnyamazishe ili upate raha. Tengeneza kilichoharibika. Otto amekwisha funga mkanda mpya, lakini Lidwina haji tena nyumbani kwa baba yake.