Pumzi Nyuma ya Ukuta

Lori lilikuwa linanguruma, vitanda na makabati yamefungwa kamba, mwanawe Bi Mwalimu ameshapanda karibu na dereva, ndipo mama mwenyewe alipopiga yowe. Sanduku la mbwa lilikuwa wazi. Mbwa hayumo.

Inspekta alifika na koplo wake saa tano asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Alikuwa mtu wa makamo aliyezoea kula peke yake, amesimama, chakula kikiwa bado sufuriani. Kuitiwa mbwa hakukumkera. Hakuwa na pa kuwahi.

"Mbwa gani, mama?"

"Wa marehemu mume wangu. Ana pua bapa. Mtaa mzima unamwita Bwana Mkoromo."

"Ulimwona lini mwisho?"

"Nusu saa iliyopita. Tulimfungia tukaenda kubeba kabati."

"Afande, mbwa mwenyewe mzee, anakoroma kama mashine ya kusaga," mwana alisema toka dirishani. "Andika tuondoke."

"Wewe nyamaza! Nikifika kwako nitazungumza na nani? Mkeo anashinda kazini, na wewe unashinda barabarani."

Mwana akapandisha kioo.

Inspekta alichuchumaa. Kufuli halikuguswa. Zilizofunguliwa ni bawaba, na skrubu nane zimelazwa sakafuni mstari mmoja, vichwa upande mmoja. Mwizi hutupa. Huyu kapanga.

"Koplo, nani hapa hawezi kufungua kitu bila kupanga skrubu?"

Koplo alikuna kisogo. "Fundi saa, afande. Mlango wa pili."

Chumba cha fundi saa kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, kikombe kimoja. Mzee alikaa kwenye sakafu ya saruji aliyoimwagia maji ipoe. Mbwa alisimama mbele ya feni, akivuta hewa kwa sauti ya msumeno mbovu. Ukutani, usawa wa mto wa kulalia, palikuwa na tarakimu za penseli: 26, 31, 38, 47.

"Hizi za nini?"

"Pumzi zake kwa dakika, akiwa amelala. Ukuta wetu mwembamba. Mbwa aliyelala asivuke thelathini, afande."

"Nani kakufundisha?"

"Daktari wa mifugo. Nilimtengenezea saa, nikamdodosa."

"Mbona hukumwambia mwenye mbwa?"

"Mara mbili. Alicheka. Kila mtu hucheka. Lakini anayekoroma akiwa macho, hakoromi huyo. Anatafuta hewa."

"Ukaamua kuiba."

"Sanduku la mbao, chini ya turubai, jua hili, safari ya kutwa? Wangeshusha mzoga."

"Hiyo ni sababu ya kubisha hodi, mzee. Ya kufungua bawaba ni ipi?"

Fundi aliinamisha kichwa. Kabla hajajibu, mbwa alinyoosha shingo, akatanua viwiko, tumbo likaanza kuvutika ndani. Inspekta alimfunua mdomo kidogo. Fizi zilikuwa na rangi ya jivu, zinaelekea bluu.

Koplo alichomoa kamba. "Nimfunge mdomo, afande, asije akang'ata?"

"Usithubutu!" fundi alifoka. "Ndimo anamopumulia! Na huo mkanda shingoni utoeni."

Bi Mwalimu alikuwa mlangoni na bakuli. "Mpeni maji!"

"Asinyweshwe, Bi Mwalimu, yatampalia," fundi alisema. " Mlowanishe tumbo na nyayo."

Inspekta alimbeba kwa mikono miwili, bila kumbana kifua, mpaka kwenye gari la polisi. Vioo vyote vilishushwa. Koplo aliendesha kuelekea kwa daktari wa mifugo. Bi Mwalimu alikaa mbele.

Nyuma, fundi aliweka kiganja ubavuni mwa mbwa.

"Sababu nyingine, afande," alisema taratibu. "Miaka sita, pumzi ya mtu mwingine niliyoisikia chumbani mwangu ni hii. Leo nikasikia lori. Hata angekuwa mzima wa afya, ningemchukua."

Inspekta alishika kalamu, asiandike. Bi Mwalimu hakugeuka.

"Mwandikie hivyo hivyo alivyosema," alisema. "Na mimi niandikie kwamba nilicheka."

Daktari wa mifugo alimwekea mbwa hewa ya oksijeni, na siku ya tatu akampasua: alipanua matundu ya pua, akapunguza kaakaa laini lililoziba njia ya hewa. Wiki mbili baadaye Bi Mwalimu alisafiri naye alfajiri, kwenye kiti cha abiria, dirisha wazi. Mbwa aliishi miaka miwili zaidi. Bi Mwalimu yuko kwa mwanawe. Mchana huwa peke yake. Fundi saa alikiri kosa mahakamani, akaachiwa kwa onyo kali. Chumba jirani kilipangwa na karani anayesafiri sana. Koplo alipandishwa cheo, akahamishwa. Inspekta alistaafu mwaka uleule wa kesi. Anaishi vyumba viwili. Hakufuga kitu.